Kuchukua Damu Mshipani: Usalama wa Mgonjwa, wa Mhudumu na wa Majibu

Ni machache matendo ya kitabibu yanayorudiwa mara nyingi kwa siku kama kuchukua damu. Mgonjwa huketi na kukunja mkono wa shati, ukanda wa mpira hufungwa, sindano huingia, na baada ya dakika chache damu huwa imo ndani ya kichupa, tayari kupelekwa maabara. Kwa kuwa tendo hili limekuwa la kawaida mno, watu wengi, pengine na baadhi ya wahudumu wenyewe, huliona kuwa jambo jepesi lisilohitaji fikira. Maoni hayo si sahihi.

Uamuzi mwingi wa daktari hutegemea majibu ya maabara. Kwa majibu hayo mgonjwa huongezewa damu au haongezewi, hupewa dawa au hunyimwa, hulazwa au huruhusiwa kurudi nyumbani. Lakini mashine ya maabara, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kutambua kwamba damu iliyoletwa ni ya mtu mwingine, au kwamba iliharibika wakati wa kuchukuliwa. Maabara hupima kile inacholetewa. Kwa hiyo usahihi wa jibu huanzia pale mgonjwa anapoitwa jina lake, muda mrefu kabla ya mashine kuwashwa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba usalama unaozungumzwa hapa ni wa namna tatu. Wa kwanza ni usalama wa mgonjwa, ili asidhurike kwa sindano wala kuambukizwa maradhi. Wa pili ni usalama wa mhudumu, ili asijichome kwa sindano iliyokwisha kuingia mwilini mwa mtu mwingine. Wa tatu ni usalama wa damu yenyewe, ili iseme kweli juu ya mwili ilikotoka. Kila hatua ya kazi hii ina sababu yake, na mwenye kuijua sababu hairuki hatua.

DAMU NA NJIA ZAKE

Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5. Moyo huisukuma damu hiyo kupitia mishipa ya aina mbili kubwa. Ateri huitoa damu moyoni na kuipeleka viungoni. Kuta zake ni nene, msukumo wa damu yake ni mkubwa, na ndizo ambazo mapigo yake husikika katika kifundo cha mkono. Vena huirudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba, msukumo wa damu yake ni mdogo, na nyingi miongoni mwake hupita karibu na ngozi. Baina ya ateri na vena mna mishipa midogo mno iitwayo kapilari, ambamo damu hugawa chakula na hewa safi na kupokea taka za mwili.

Tone linalotoka kidoleni kwa kuchomwa hutoka katika kapilari, nalo latosha kwa kipimo kama cha malaria. Vipimo vingine vingi, mathalani vya figo, ini na kundi la damu, huhitaji mililita kadhaa. Kiasi hicho huchukuliwa katika vena. Ateri huchomwa kwa haja maalumu tu, kama kupima gesi zilizomo katika damu, kwa kuwa msukumo wake mkubwa hufanya iwe vigumu kuizuia isitoke.

Elimu ya njia hizi ina historia ndefu. Mwaka 1603 Girolamo Fabrici, mwalimu wa elimu ya mwili katika chuo cha Padua nchini Italia, alichapisha maelezo juu ya vali zilizomo ndani ya vena, yaani vijilango vidogo vya nyama. Mwanafunzi wake mmoja, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha kazi ya vijilango hivyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1628 alithibitisha kwamba damu huzunguka: hutoka moyoni kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, na kwamba vali za vena huiruhusu ielekee moyoni tu.

Jaribio la Harvey lilikuwa rahisi sana. Mkono wa mtu ulipofungwa kwa nguvu nyingi, mapigo ya kifundo yalitoweka, kiganja kikaanza kupoa, wala vena hazikuvimba. Kifungo kilipolegezwa kidogo, mkono ulijaa damu ukawa mwekundu, na vena zilizo chini ya kifungo zikatutumka hata vali zake zikaonekana kama vifundo katika kamba. Maana yake ni hii: kifungo cha nguvu nyingi huziba ateri na vena pamoja, hivyo damu haiingii wala haitoki. Kifungo cha kadiri huziba vena peke yake, ambazo ni laini na zi karibu na ngozi, huku ateri zikiendelea kuleta damu isiyopata njia ya kurudi.

UKANDA WA MPIRA

Ukanda wa mpira unaofungwa leo juu ya kiwiko ni jaribio lile lile la mwaka 1628. Mhudumu anayeufunga kwa nguvu kupita kiasi, akidhani kuwa atapata mshipa upesi, hujinyima kile anachokitafuta, kwa sababu huzuia damu isiingie mkononi. Alama ya kifungo kizuri ni kwamba mapigo ya kifundo cha mkono bado yanasikika. Ukanda hufungwa kiasi cha upana wa vidole vinne au vitano juu ya mahali pa kuchoma.

Muda nao una mpaka wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2010 unataka ukanda usikae zaidi ya dakika 2, na maabara nyingi huona kuwa dakika 1 yatosha. Damu iliyozuiliwa kwa muda mrefu hupoteza sehemu ya maji yake, ambayo hupenya kuta za mishipa na kuingia katika nyama za jirani. Protini na chembe, ambazo ni kubwa, hubaki nyuma. Hivyo maabara hupata damu iliyokolea kuliko ile inayozunguka mwilini, na jibu huonyesha wingi usiokuwapo. Kadhalika, ile desturi ya kumwambia mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi mara nyingi haifai, kwa maana misuli inayofanya kazi humwaga potasiamu katika damu. Yatosha mgonjwa kufumba ngumi mara moja na kutulia.

Mshipa usipopatikana kwa wakati huo, ukanda hufunguliwa, mkono hupumzishwa na kupashwa joto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha hufungwa upya. Mgonjwa aliyetoka nje kwenye baridi au aliyekosa maji mwilini huwa na vena zilizonywea, na subira ya dakika chache humwepusha na kuchomwa mara mbili.

KUMTAMBUA MGONJWA

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii halifanywi kwa sindano. Hufanywa kwa jina. Damu ya mtu mmoja ikiandikwa jina la mwingine, wagonjwa wawili huwa hatarini kwa wakati mmoja, na hakuna dalili yoyote ndani ya kichupa itakayofichua kosa hilo.

Katika Afrika ya Mashariki majina hufanana sana. Akiitwa Asha Juma katika ukumbi wa kungojea, huenda wakainuka wawili, na huenda pia akainuka mtu aliyechoka kungoja, mwenye kudhani kuwa zamu yake imefika. Mhudumu akimwuliza, "Wewe ndiye Asha Juma?", mtu mwenye homa kali, mzee mwenye uziwi, au mtu anayeona haya kumpinga mhudumu hujibu "Ndiyo" bila kusikia sawasawa. Swali lililo salama ni lile linalomtaka mgonjwa aseme mwenyewe: "Shikamoo mama, tafadhali nitajie majina yako yote matatu, na mwaka uliozaliwa." Kisha majibu hulinganishwa na fomu ya vipimo na namba ya hospitali. Kwa mtoto mchanga au mgonjwa asiyejitambua, jamaa aliyefuatana naye au muuguzi wa wodi ndiye anayeulizwa.

Hatari ya kosa hili hudhihirika zaidi katika kuongezewa damu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, akifanya kazi mjini Vienna, alitoa maelezo kwamba damu za binadamu zina makundi yasiyochanganyika ovyo. Mtu wa kundi O huwa na askari wa mwili wanaoshambulia chembe za kundi A na za kundi B. Akitiwa damu ya kundi A kwa sababu kichupa chake kiliandikwa vibaya, chembe alizotiwa hupasuka ndani ya mishipa yake, figo zake huweza kusimama kufanya kazi, na huenda akafariki dunia. Daktari hatakuwa amekosea, wala maabara haitakuwa imekosea. Kosa litakuwa limefanyika penye kiti cha kuchukulia damu.

Kwa sababu hiyo kichupa huandikwa jina mbele ya mgonjwa mwenyewe, mara tu damu inapokwisha kuchukuliwa, kabla mhudumu hajaondoka wala hajamwita mwingine. Vichupa vilivyoandikwa mapema na kupangwa mezani ni mtego, kwani mkono wenye haraka huweza kuokota kile cha jirani.

MAHALI PA KUCHOMA

Katika mkunjo wa kiwiko, upande wa mbele, hupita vena tatu zinazofaa. Moja iko upande wa dole gumba, nyingine upande wa kidole cha mwisho, na ya tatu huziunganisha hizo mbili katikati. Hiyo ya katikati ndiyo bora: aghalabu ni nene, imeshikwa vizuri na nyama za jirani hata haitelezi, na kuchomwa kwake hakuumi sana. Ya upande wa dole gumba huifuatia. Ya upande wa kidole cha mwisho huachwa iwe ya mwisho, kwa sababu karibu nayo, ndani zaidi, hupita ateri kubwa ya mkono pamoja na mshipa mkuu wa fahamu.

Mshipa huchaguliwa kwa kidole cha shahada zaidi kuliko kwa jicho. Vena ikibonyezwa hunywea na kurudi kama mpira wenye maji. Ateri hudunda. Kano ni ngumu kama kamba wala hainywei. Mshipa unaoonekana kwa rangi ya buluu juu ya ngozi huenda ukawa mwembamba usiofaa, ilhali ule usioonekana kabisa, lakini ukasikika chini ya kidole, ukawa mzuri sana. Jambo hili lina faida hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi na kwa watu wanene.

Mna mahali pasipofaa kuchomwa. Mkono unaopitisha maji ya dripu hautumiki, kwa kuwa damu yake huwa imechanganyika na maji hayo, na sukari au chumvi iliyomo katika dripu huingia katika jibu. Kadhalika huepukwa mahali penye kovu la moto, penye uvimbe au palipovilia damu, na mkono uliotengenezewa njia ya kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo. Mwanamke aliyeondolewa ziwa huchomwa mkono wa upande wa pili, isipokuwa daktari ameelekeza vingine.

KUSAFISHA NA KUCHOMA

Mikono ya mhudumu huoshwa kwa sabuni na maji, au hupakwa dawa ya alkoholi, kisha huvaliwa glavu mpya kwa kila mgonjwa. Ngozi ya mgonjwa hufutwa kwa pamba yenye alkoholi ya asilimia 70 kwa muda wa sekunde 30, kisha huachwa ikauke yenyewe kwa sekunde nyingine 30. Kungojea huku kuna sababu. Alkoholi huua vijidudu kwa muda wa kukauka, si kwa mguso wa kwanza. Tena ikiwa bado mbichi huingia na sindano ikamwasha mgonjwa, na huweza kupasua chembe za damu. Kupuliza kwa mdomo ili ikauke upesi hurudisha vijidudu palipokwisha kusafishwa, na kupapasa mshipa tena kwa kidole baada ya kusafisha huharibu kazi yote.

Sindano, ambayo ni mpya na hufunguliwa mbele ya mgonjwa, huingizwa kwa upole lakini bila kusitasita. Tundu la ncha yake hutazama juu, na sindano hulala kwa mwinamo usiozidi digrii 30. Ngozi huvutwa chini kidogo kwa dole gumba la mkono wa pili ili mshipa usiteleze. Ikisimamishwa zaidi ya hapo huweza kuutoboa mshipa pande zote mbili na kuifikia ateri au mshipa wa fahamu ulioko chini. Damu inapoanza kutoka vizuri, ukanda hufunguliwa. Kwa vyovyote vile hufunguliwa kabla sindano haijatolewa, vinginevyo damu iliyojaa mkononi hutafuta njia katika tundu na kuvilia chini ya ngozi.

Sindano ikikosa mshipa, haifai kuzungushwa ndani ya nyama kwa kubahatisha. Hutolewa, na pengine hutafutwa. Mhudumu aliyekosa mara mbili humwachia mwenzake mwenye uzoefu zaidi. Kufanya hivyo si aibu. Ni sehemu ya ufundi.

VICHUPA NA MAJIBU

Vichupa vinavyotumika siku hizi katika maabara nyingi havina hewa ndani. Hataza ya chombo cha namna hiyo ilipatikana Marekani mwaka 1949 kwa jina la Joseph Kleiner. Kwa kuwa ndani mna utupu, kichupa hujivutia damu chenyewe hadi kiasi kilichowekwa. Vifuniko vyake vina rangi mbalimbali kuonyesha dawa iliyomo, na mhudumu husoma pia maandishi ya kichupa, maana rangi huweza kutofautiana kidogo kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda huacha damu igande ili maabara ipate maji yake. Chenye kifuniko cha zambarau kina chumvi ya EDTA, ambayo hushika kalsiamu. Bila kalsiamu damu haigandi, na hivyo chembe zaweza kuhesabiwa. Chenye kifuniko cha kijivu kina floridi ya sodiamu, inayozuia chembe za damu zisile sukari. Bila dawa hiyo sukari hupungua kila saa inayopita damu ikiwa haijapimwa, na mgonjwa wa kisukari huweza kuonekana mzima.

Vichupa hivi hujazwa kwa mpangilio maalumu. Kwanza huja chupa za kuoteshea vijidudu, ili zisichafuliwe. Hufuata kichupa cha kifuniko cha buluu cha kupimia kuganda kwa damu, kisha visivyo na dawa ya kuzuia kuganda, kisha cha kijani, cha zambarau, na mwisho cha kijivu. Chukua mfano wa mhudumu aliyejaza kile cha zambarau kwanza, na mabaki kidogo ya dawa yake yakaingia katika kichupa cha vipimo vya figo. Dawa hiyo aghalabu ni chumvi ya potasiamu, tena hushika kalsiamu. Jibu litaonyesha potasiamu nyingi mno na kalsiamu chache mno. Potasiamu ikizidi kweli, moyo huweza kusimama, kwa hiyo daktari huweza kuanza tiba ya haraka kwa maradhi ambayo mgonjwa hana.

Matokeo kama hayo hupatikana pia chembe nyekundu zikipasuka. Ndani ya chembe hizo mna potasiamu mara 20 na zaidi ya ile iliyo katika maji ya damu. Zikipasuka, hiyo potasiamu humwagika, na maji ya damu huwa mekundu badala ya kuwa na rangi ya majani makavu. Hupasuka bomba la sindano likivutwa kwa nguvu, damu ikisukumwa kwa kishindo kupitia tundu jembamba la sindano, au kichupa kikitikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kichupa chenye dawa hupinduliwa taratibu mara kadhaa, si kutikiswa.

MADHARA YANAYOWEZA KUMPATA MGONJWA

Madhara mengi ni madogo na huzuilika. Damu huvilia pale mgonjwa anapokunja kiwiko mara tu sindano inapotolewa, kwa kuwa mkunjo huo hulifungua tundu la mshipa. Lililo sahihi ni kunyosha mkono na kubonyeza pamba kwa dakika kadhaa. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu hubonyeza kwa muda mrefu zaidi.

Damu ikitoka nyekundu yenye kung'aa, tena kwa kudunda, sindano imeingia katika ateri. Hutolewa mara moja, na mahali pale hubonyezwa kwa nguvu muda usiopungua dakika 5. Mgonjwa akisema kuwa anasikia maumivu makali yanayopita kama umeme hadi vidoleni, sindano imegusa mshipa wa fahamu. Nayo hutolewa papo hapo, wala hasemwi kuwa ni mwoga.

Wako pia wanaozirai. Mapigo yao hupungua ghafla, jasho jembamba huwatoka, uso hupauka. Kwa sababu hiyo mgonjwa haketishwi juu ya stuli isiyo na egemeo, na aliyewahi kuzirai huchukuliwa damu akiwa amelala. Azirai au aonyeshe dalili, ukanda hufunguliwa, sindano hutolewa, hulazwa na miguu yake huinuliwa.

SINDANO ILIYOTUMIKA

Hadi miaka ya 1980 hospitali nyingi duniani zilitumia mabomba ya kioo na sindano za chuma zilizochemshwa na kutumika tena. Pale utaratibu wa kuchemsha ulipofuatwa, kazi ilikwenda. Pale uliporukwa, gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba hospitalini hapo sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku, nazo hazikuchemshwa ipasavyo baina ya mtu na mtu. Ugonjwa huo ulipewa jina la Ebola. Waliougua katika mlipuko huo walikuwa 318, na 280 kati yao walifariki dunia, wakiwamo wafanyakazi wa hospitali yenyewe. Sindano zile zilikuwa za kudungia dawa, lakini somo ni moja: sindano iliyoingia mwilini mwa mtu mmoja haiingii kwa mwingine.

Leo sindano hutumiwa mara moja na kutupwa, na hatari iliyobaki zaidi ni ya mhudumu. Akijichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiye na kinga, uwezekano huo huweza kufika 30 katika kila 100. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini ya B, ambayo kwa mtu mzima hutolewa mara tatu, ni haki ya kila mwenye kushika sindano za wagonjwa, wakiwamo wafagiaji na wachomaji taka.

Ajali nyingi hutokea baada ya damu kupatikana, wakati akili imekwisha tulia. Mhudumu hurudishia kifuniko cha sindano kwa mkono wa pili na kujichoma kidole, au huiacha sindano katika shuka na mfuaji akachomwa. Dawa yake ni kasha gumu lisilotoboka, linalowekwa karibu na mkono kabla kazi haijaanza. Sindano hutoka mshipani na kuingia kashani moja kwa moja, bila kufunikwa na bila kupitia mezani. Kasha hufungwa likijaa robo tatu, kwani anayeshindilia sindano katika kasha lililojaa hujichoma kwa zile zilizotangulia.

Aliyejichoma huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Halibonyezi wala halinyonyi, wala hatii dawa kali ya kufulia. Kisha hutoa taarifa saa ile ile. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hutumiwa kwa siku 28. Anayeficha ajali kwa kuhofu kulaumiwa hujipotezea saa hizo. Ndiyo maana kiongozi wa kazi anayekaripia taarifa badala ya kuipokea ni hatari kama sindano yenyewe.

HOFU NA IMANI YA WANANCHI

Tangu enzi za ukoloni zimevuma katika Afrika ya Mashariki hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kuwanyonya wengine damu. Hadithi hizo si za kweli, lakini hofu hukua pale watu wanapochukuliwa damu bila kuelezwa sababu wala kupewa majibu. Mwenye hofu hukimbia kipimo ambacho kingemwokoa.

Hesabu yafaa kutolewa wazi. Vichupa viwili vya kawaida huchukua kama mililita 10, yaani sehemu moja katika 500 ya damu ya mtu mzima. Mwenye kujitolea damu ya kuwasaidia wengine hutoa kiasi cha mililita 450, na mtu mwenye afya huvumilia. Mwili huyarudisha maji ya damu iliyotoka kwa siku chache, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Lakini mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana robo ya lita, na kwake mililita 10 si kitu kidogo. Kwa hiyo watoto huchukuliwa kiasi kinachohitajika tu, kwa vichupa vidogo, na mzazi huelezwa kabla.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika kazi hii. Aweza kutaja majina yake yote bila kungojea kubahatishwa, kusema kama anatumia dawa au aliwahi kuzirai, kuangalia sindano ikifunguliwa kutoka katika pakiti yake, na kusoma jina lililoandikwa juu ya kichupa kabla hajainuka kitini. Akiuliza, haulizi kwa ubishi, na mhudumu mwenye kuijua kazi yake hufurahi kuulizwa, kwa kuwa jicho la pili likitazama jina lile lile, kosa hupata mahali pachache pa kupitia.